Kompyuta ya Duka Haioni Waya wa Intaneti? Anzia Hapa

Foleni imefika mlangoni, mteja anasema ameshalipa, na ukurasa wa malipo kwenye kompyuta haufunguki. Kabla hujaita fundi, elewa hivi: pesa hazipiti kwenye hiyo kompyuta. Zinapita kwenye mtandao wa simu, kompyuta inakuonyesha tu. Kwa hivyo usimwambie mteja atume tena. Angalia ujumbe kwenye simu iliyosajiliwa na Till yako, si ule anaokuonyesha kwenye simu yake. Wenye ujumbe feki wanapenda sana siku kama hii.

Sasa twende kwa waya. Pale ulipochomekwa nyuma ya kompyuta, kwa kawaida kuna vitaa vidogo. Vikiwa vimezima, chomoa waya na uurudishe mpaka usikie "tik", pande zote mbili. Kile kiklipu cha plastiki kikivunjika, waya hulegea kila mtu akigusa meza, na hapo ni kununua mwingine tu. Jaribu pia tundu lingine la rauta, lakini si lile lililotengwa na mengine, lenye rangi tofauti. Hilo ni la kuingiza intaneti kutoka nje.

Vitaa vinawaka lakini Windows inaandika "Unidentified network"? Basi waya umeonekana, ila kompyuta haijapata anwani. Fungua cmd, andika ipconfig. Namba ya IPv4 ikianza na 169.254, kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu la rauta. Zima rauta, subiri sekunde 30, washa, ipe dakika mbili, kisha andika ipconfig /renew. Tungekuwa na nafasi ya kukupa hatua moja tu, ingekuwa hii.

Na kama Ethernet haionekani kabisa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl. Ikiwa pale lakini ni ya kijivu, mtu aliizima: bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua Enable. Ikikosekana hata huko, mwite fundi unayemjua. Kazi yake haihitaji PIN yako, hata akisema "ya kujaribu tu".

Ukimngoja, unganisha simu yako na kompyuta kwa waya wa USB, kisha washa "USB tethering" kwenye mipangilio ya simu. Kompyuta itatumia data ya simu, hata kama haina Wi-Fi.