A au An: Sikiliza Kwanza, Ndipo Uandike

Karibu kila aliyesoma Kiingereza katika shule zetu alikaririshwa kanuni hii: neno likianza na a, e, i, o au u, tanguliza "an", likianza na herufi nyingine, tanguliza "a". Kanuni hiyo inatosha kwa "an egg" na "a book". Lakini humtupa mkono mwanafunzi pale anapoanza kuandika mambo ya kikubwa, kama barua ya kuomba kazi, maombi ya chuo au ripoti ya ofisini. Tazama maneno haya, ya aina inayoonekana sana katika barua za waombaji kazi:

"I am accountant with an university degree and a MBA. I would welcome an advice on how to apply."

Makosa ni manne, na yote yanahusu hivi vineno viwili. Tuanze na la "university", kwa kuwa ndilo linalotufungulia mlango.

Kinachoamua kati ya "a" na "an" ni sauti ya kwanza ya neno linalofuata. Herufi haina kauli. Sauti ikiwa irabu, tumia "an". Ikiwa konsonanti, tumia "a". Mswahili hukwama hapa kwa sababu inayoeleweka: katika lugha yetu herufi na sauti huenda pamoja, na u ni u popote uikutapo. Kiingereza hakina uaminifu huo. "University" huandikwa kwa u lakini hutamkwa kwa yu, kama mwanzo wa neno "yule". Sauti ya y ni konsonanti, kwa hiyo ni "a university". Ndivyo ilivyo pia "a uniform", "a unit", "a useful book", "a European", na hata "a Ugandan", maana Mwingereza huiita nchi hiyo Yuganda. Lakini ni "an uncle" na "an umbrella", kwa kuwa u ya maneno hayo husikika karibu na a fupi. Neno "one" nalo huanza na sauti ya w, kama "wana", ndiyo maana tunaandika "a one-day seminar".

Jozi moja inastahili kutazamwa kwa makini: "unhappy" na "unanimous". Ukiyatazama kwa macho, yote mawili yanaanza na un. Yatamke sasa. La kwanza linaanza na irabu, kwa hiyo mteja asiyeridhika ni "an unhappy customer". La pili linaanza na yu, kwa hiyo majaji wakikubaliana wote wametoa "a unanimous decision". Macho yatakudanganya hapa, sikio halitakudanganya.

Upande wa pili ipo h. Maneno machache yaliyoingia Kiingereza kutoka Kifaransa huandikwa kwa h isiyotamkwa: "hour", "honest", "honour", "heir" na jamaa zake. Haya huchukua "an": "an hour", "an honest man", "an honours degree". Wengi wetu hutamka "honest" kwa h ya wazi, na ndiyo sababu huishia kuandika "a honest". Tengeneza matamshi, na maandishi yatajitengeneza. Maneno mengine ya h, kama "house", "hospital" na "hundred", hubaki na "a". Kuhusu "herb", Waingereza hutamka h na kuandika "a herb", Wamarekani huiacha na kuandika "an herb". Utakutana pia na "an hotel" na "an historic event", hasa katika vitabu vya zamani. Mimi nashauri uandike "a hotel" na "a historic event", kama waandishi wengi wa leo.

Sasa tuje kwenye MBA, maana makosa mengi ya ofisini hutoka kwenye vifupisho. M ni konsonanti, lakini jina lake kwa Kiingereza ni "em", na jina hilo linaanza na irabu. Kwa hiyo ni "an MBA". Herufi ambazo majina yake ya Kiingereza huanza na irabu ni 12: A, E, F, H, I, L, M, N, O, R, S na X. Ziweke kichwani na utakuwa umemaliza nusu ya kazi. Mbunge ni "an MP", ujumbe wa simu ni "an SMS", picha ya hospitali ni "an X-ray", kipimo cha virusi vya ukimwi ni "an HIV test", na wakala wa pale mtaani ni "an M-Pesa agent". Akaunti ya NMB ni "an NMB account", lakini ya CRDB ni "a CRDB account". U haimo katika orodha hiyo, kwa sababu jina lake ni "yu": andika "a UN report".

Angalia, hata hivyo, kama kifupisho husomwa herufi moja moja au kama neno zima. NSSF husomwa herufi kwa herufi, hivyo mwanachama wake ni "an NSSF member". NECTA tunaitamka nekta, kwa hiyo mtahini wake ni "a NECTA examiner". Tarakimu nazo zifuate sikio: "an 8-hour shift", "an 11-year-old boy", "an 18-month contract", lakini "a 10-year plan". Na kumbuka kwamba neno linalohesabiwa ni lile lililo jirani. Ukisema "an apple" kisha ukaingiza sifa katikati, inakuwa "a ripe apple". Vivyo hivyo "a teacher" huwa "an experienced teacher".

Mambo haya si mageni kwetu kama yanavyoonekana. Ki- ya "kiti" hugeuka ch- katika "chombo" na "chakula". M- ya "mtu" huwa mw- katika "mwalimu". Hakuna anayesimama kufikiri kabla ya kusema "chombo", kwa sababu ulimi wenyewe umekataa "kiombo". Kiingereza kilifanya jambo la namna hiyo. Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa moja tu, lenye n, na maana yake ilikuwa "moja". Katika karne za kati n hiyo ikaanza kudondoka mbele ya konsonanti. Kwa hiyo "an" ndiye mkubwa, na "a" ni yeye yule aliyepoteza n. Wasemaji wenyewe walichanganyikiwa mpaka n ikahama nyumba: "a napron" ikasikika kama "an apron", na ndivyo inavyoandikwa hadi leo, "an ekename" ikawa "a nickname".

Yamebaki makosa mawili. "I am accountant" limetoka moja kwa moja katika "Mimi ni mhasibu". Kiswahili hakihitaji kineno chochote hapo, lakini kwa Kiingereza kazi ya mtu mmoja hutanguliwa na kineno: "I am an accountant". Tuna kitu kinachokaribiana nacho katika hadithi, tunaposema palikuwa na mzee mmoja. Huyo "mmoja" hahesabu wazee, anamtambulisha mgeni kwa msikilizaji. Mwingereza angesema "an old man", na mwanafunzi anayeandika "one old man" amehamisha umbo akaacha kazi yake.

"An advice" ni kosa la aina nyingine, kwa kuwa sauti ni sahihi. Kiingereza kinaliona neno hilo kama maji au mchanga, kitu kisichohesabika, na vineno vyetu vinakwenda na kinachohesabika kikiwa kimoja. Hali ni hiyo kwa "information", "furniture", "luggage", "equipment" na "homework". Sema "advice" peke yake, au "a piece of advice".

Sentensi zetu sasa zinasomeka hivi: "I am an accountant with a university degree and an MBA. I would welcome advice on how to apply."

Walimu wa Kiingereza, hasa wa shule za msingi, nawaomba jambo moja. Mnapofundisha somo hili, wanafunzi wafunge madaftari kwanza. Watamkieni "hour", "uniform", "uncle" na "house", wajibu kwa mdomo "a" au "an", kisha ndipo muyaandike ubaoni. Wakizoea kuamua kwa sikio tangu darasa la tatu, hawatahitaji kuisahau kanuni ya herufi tano watakapofika chuoni.