Dada, ncha ya bisibisi imekatikia ndani ya skrubu!

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma na nimeuona wasiwasi wako. Unajifunza ufundi simu, mteja kakuachia iPhone yake, ukaingiza bisibisi kwenye ile skrubu ndogo ya chini, pembeni ya tundu la chaji. Ikagoma, ukaongeza nguvu, tak! Ncha imebaki ndani ya skrubu, wewe umebaki na mpini. Sasa bosi anakuhimiza utoboe kwa keke upesi kabla mwenye simu hajarudi.

Tafadhali, keke iweke kando kwanza. Ncha za bisibisi hutiwa ugumu kwa moto, ndiyo maana hukatika badala ya kupinda. Skrubu ni laini kuliko ncha hiyo. Keke ya kawaida ikigusa hicho kipande haitakiuma. Itateleza pembeni, itafune skrubu, kisha iingie kwenye fremu ya simu ya watu. Na kumbuka simu bado imefungwa, betri ya lithiamu imo ndani na huwezi kuichomoa. Keke ikipita kina ikaigusa betri, hapo hatuzungumzii tena skrubu, tunazungumzia moto.

Basi zima simu. Ziba tundu la chaji na matundu ya spika kwa selotepu. Washa taa kali, chukua lenzi ya kukuzia, uangalie vizuri. Je, kipande kimechomoza juu ya kichwa cha skrubu hata kidogo? Kama kimechomoza, kibano chembamba kinatosha. Kama kimezama, kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: ncha hiyo ilikatika ukiwa unazungusha upande wa kulegeza, kwa hiyo imejibana kwa kuegemea upande huohuo. Ukiivuta juu moja kwa moja haitoki. Chukua sindano ngumu ya kushonea, iegemeze kwenye ukingo wa kipande, ukisukume taratibu kuelekea upande wa kukaza. Ni msogeo mdogo sana, hata jicho halitauona, lakini ule mbano unaachia. Vaa miwani, maana sindano nayo hukatika na kuruka.

Ukishafanya hivyo, geuza simu ili skrubu iangalie chini, ugonge fremu polepole kwa mpini wa plastiki. Mara nyingi kipande hudondoka chenyewe. Kikigoma, gusisha sindano kwenye sumaku ili nayo ivute, kisha uitumie kuking'oa. Chuma cha ncha hizi hushika sumaku vizuri. Sumaku yenyewe kubwa usiilaze juu ya simu, kwa sababu ndani mna kamera na dira zinazosumbuliwa na sumaku.

Utasikia watu wakikushauri utie tone la supaglu, ugandishe kijiti juu ya kipande, uvute. Mimi siipendi njia hiyo kwa skrubu ndogo namna hii. Tone likizidi kidogo tu, utakuwa umekigandisha kipande kwenye skrubu, na kazi imekuwa mara mbili.

Joto ni suala jingine, nalo ni la kuilegeza skrubu yenyewe kipande kikishatoka. Skrubu nyingi za vifaa vya umeme hupakwa gundi kiwandani ili zisilegee, na huenda hiyo ndiyo iliyokuvunjia ncha. Ncha ya pasi ya kulehemu ikigusa kichwa cha skrubu kwa sekunde chache, gundi hulainika. Sekunde chache tu, mdogo wangu, kwa sababu ya betri ileile.

Yote hayo yakishindikana, ndipo keke inaingia, tena si keke ya kawaida. Inatakiwa ile nyembamba ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko ncha iliyokwama. Betri iwe imeshuka chini ya robo, simu ibanwe isicheze, na lengo lako liwe kichwa cha skrubu peke yake. Kichwa kikiondoka, skrubu haina tena cha kubana. Haitazuia tena kioo kufunguka, na kijiti cha skrubu kilichobaki utakishika kwa koleo. Vumbi la chuma lifute kabla ya kufungua, maana spika zina sumaku na zitalivuta lote. Kama hujawahi kufanya kazi hii, mpelekee fundi mwenye darubini na mkono uliozoea. Kumlipa yeye ni nafuu kuliko kununua fremu.

Kwa wale wasomaji wangu mnaotengeneza saa au mnaofanya kazi ya usonara, ninyi mna njia nzuri zaidi: shabu. Ni hiyohiyo ya mapande meupe inayouzwa sokoni, ambayo watu hutulizia maji yenye tope. Iyeyushe kwa wingi katika maji, uyaweke ya moto bila kuchemka sana, katika chombo kisicho cha chuma. Kipande cha keke kilichovunjikia ndani ya dhahabu, fedha au shaba kitaliwa polepole hadi kiishe, na madini yenyewe yatabaki. Inachukua saa nyingi, wakati mwingine siku nzima. Lakini shabu haichagui kati ya ncha ya chuma na skrubu ya chuma, inakula vyote viwili. Na mdogo wangu wa simu, usithubutu: hakuna simu inayochovywa kwenye maji hayo.

Nirudi kwako. Umesema bosi hataki mteja ajue. Mimi nakwambia mpigie leo, kabla hujagusa tena hiyo skrubu. Mwambie ncha imekatikia ndani, mwambie unachotaka kujaribu, na mwambie kwamba gharama ya skrubu haitakuwa yake. Skrubu hizo si ghali, na kwenye simu mbovu zinazochinjwa vipuri zimejaa tele. Simu ni yake, na ana haki ya kusema hapana.

Na wewe bosi, najua na wewe unasoma. Skrubu ya chini ya iPhone ina pembe tano za mviringo, na inataka ncha yake yenyewe, iliyonyooka na ambayo haijalika. Ukimpa mwanafunzi bisibisi ya bei ya chini iliyokwishachoka, aikandamize juu ya skrubu yenye gundi, itakatika tu, hata awe na mkono mzuri kiasi gani. Mnunulie bisibisi nzuri, uikague kila asubuhi, na iliyolika uitupe. Hii iliyokatika usimkate mshahara kwa ajili yake.