Daktari Hujuaje Kwamba Akili Inaugua?

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei iwezayo kumwonyesha daktari kwamba mtu ana wazimu. Jambo hili huwashangaza wengi waletao wagonjwa. Hutarajia maabara ijibu na jina la ugonjwa liandikwe. Katika magonjwa ya akili chombo kikubwa cha daktari ni masikio yake, na nusu ya habari anayohitaji unayo wewe uliyemleta mgonjwa.

Tuseme umepigiwa simu kutoka nyumbani Kishushe, kule Taita. Shangazi yako ameanza kutetemeka, anatikisa kichwa na kutoa maneno yasiyoeleweka. Jirani mmoja asema ni kifafa, mwingine asema ni pepo, nao wazee wasema ni saka.

Wazee hawabahatishi. Saka ni hali inayojulikana miongoni mwa Wataita tangu zamani. Mtaalamu wa mila kutoka Marekani, Grace Harris, aliichunguza huko mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha maelezo yake mwaka wa 1957. Iliwashika hasa wanawake walioolewa. Kilichoianzisha kiliweza kuwa kitu kidogo tu: kiberiti kikiwashwa, harufu ya sigara, mlio wa gari. Tiba mojawapo ilikuwa ngoma. Daktari anayecheka akisikia jina hilo amekwisha kumpoteza mgonjwa. Lakini anayelikubali bila kuchunguza aweza kumwacha mwenye kifafa siku moja aanguke motoni.

Basi tofauti hujulikanaje? Huulizwa walioona. Mwenye kifafa cha kuanguka kwa kawaida macho huwa wazi, aweza kuuma ulimi au kujikojolea, na akizinduka huwa amechanganyikiwa na mwenye usingizi. Kifafa chaweza kumjia hata akiwa amelala peke yake. Hali zinazofanana na saka mara nyingi hutokea mbele ya watu, macho yamefumbwa, na huendelea kwa muda mrefu. Hata hivyo hakuna dalili moja itoshayo, tena mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Siku hizi simu ya mkononi imetusaidia sana: mtu mmoja amlinde mgonjwa asiumie, mwingine apige video ya kuonyesha daktari peke yake, si ya kusambazwa kijijini.

Kabla ya akili, mwili huchunguzwa kwanza. Mtu aliyekuwa mzima Jumatatu, kufikia Jumatano hajui siku wala mahali alipo, usikimbilie kumwita kichaa. Yaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, homa ya uti wa mgongo, au pombe iliyoachwa ghafla. Hapo ndipo maabara ina kazi, na kila saa ina thamani.

Kisha daktari huzungumza na mgonjwa, tena faraghani. Hutazama alivyovaa, anavyosema, kama husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama anakumbuka, na kama yeye mwenyewe anaona kuna tatizo.

Wagonjwa wengi wa akili lakini hawapigi kelele. Mwaka wa 1979 Profesa David Ndetei na mwenzake Muhangi walieleza kwamba katika kliniki moja ya mashambani nchini Kenya, karibu mgonjwa 1 kati ya 5 alikuwa na ugonjwa wa akili. Watu kama hao huja na kichwa kinachouma, moyo unaodunda au usingizi uliopotea, wakapewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani. Kwa huzuni kuu kuna fomu ya maswali 9, iitwayo PHQ-9, kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ya 10 au zaidi humwambia daktari achunguze zaidi, si hukumu.

Swali la mwisho huuliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru. Usiogope kuulizwa, wala kuuliza: swali hilo halimtii mtu wazo hilo. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria iliyomwadhibu anayejaribu kujiua inakiuka Katiba, kwa hiyo mjibu asiwe na hofu ya pingu.

Ukimpeleka shangazi Wesu au Voi, beba dawa zote anazotumia, za mitishamba pia, na umchukue aliyeshuhudia hali ilipoanza. Akitakiwa kurudi baada ya wiki 2, shahidi huyo arudi naye.