Dondoo muhimu: Jiwekee mbegu safi za mbaazi, kunde na ndengu

Mkulima wa Kitui au Makueni mwenye mbegu yake safi hupanda kwa wakati mvua za vuli zinapoanza Oktoba.

1. Chagua mimea ya mbegu ikiwa bado shambani. Usisubiri kuokota punje zilizobaki ghalani.
2. Tenganisha aina za mbaazi, kama KAT 60/8 na za kienyeji, kwa mita 200 hivi: nyuki huchanganya chavua.
3. Kunde na ndengu kwa kawaida hujichavusha zenyewe. Mita chache kati ya aina zinatosha.
4. Usichume majani ya kunde ulizotengea mbegu. Ukichuma, zitazaa maganda machache.
5. Ng'oa mapema kunde zenye majani ya batobato. Virusi hupitia kwenye mbegu.
6. Mbaazi zikichanua, nyunyizia dawa ya viwavi jioni, nyuki wakisharudi mzingani.
7. Vuna ndengu kwa awamu: maganda hayakomai pamoja, na yakichelewa hupasuka na kumwaga punje.
8. Anika juu ya turubai, si ardhini. Punje kavu huvunjika kwa jino, haibonyei.
9. Mbegu ikikauka, ihifadhi mara moja kwenye mfuko usiopitisha hewa. Fukusi huanza kutaga mayai shambani.
10. Otesha punje 100 kabla ya msimu. Zikichipua chini ya 80, tafuta mbegu nyingine.
11. Usipike kamwe mbegu iliyotiwa dawa.
12. Baada ya misimu michache, nunua mbegu mpya yenye lebo ya KEPHIS, shirika la ukaguzi wa mbegu na mimea nchini Kenya.