Adhana ya Mwezini: Somo Kutoka Chemsha Bongo Yetu ya Kabingo

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, muhula uliopita jumuiya yetu ilikwenda Kabingo kuendesha chemsha bongo ya maarifa ya jumla kwa wanafunzi wa sekondari. Wengi wao walitoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda hukaa jirani, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mimi nilipewa kazi ya kuandaa maswali 30. Niliyaandaa Mbarara kwa usiku mmoja, na mengi niliyatoa katika ujumbe unaozunguka kwenye simu zetu. Makala hii inahusu kosa nililolifanya katika swali la 17, na mafunzo tunayoweza kuyapata kutokana na kosa hilo.

Swali lenyewe lilikuwa hivi: Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alisikia sauti gani alipokuwa huko? Jibu nililoandika ni adhana. Timu ya kwanza ilishindwa, swali likapita kwa timu ya pili. Akasimama binti wa kidato cha pili, mzaliwa wa Burundi. Akasema, "Hakusikia sauti yoyote ya nje. Mwezini hakuna hewa, na sauti haisafiri pasipo hewa."

Nikamwambia amekosa, nikasoma jibu langu. Ukumbi ukapiga takbira. Yule binti hakukaa. Akauliza kwa adabu, "Lakini Ustadhi, nani aliyeisikia habari hiyo kutoka kwake mwenyewe?"

Sikuwa na la kumjibu, nikaendelea na swali la 18. Timu yake ilishindwa kwa alama moja tu, na katoni ya madaftari ikaenda kwa wenzao. Usiku ule, tuliporudi Mbarara, ndipo nilipofanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kuondoka.

UKWELI WA HABARI HIYO

Armstrong alitua mwezini tarehe 20 Julai 1969 pamoja na Buzz Aldrin, katika safari ya Apollo 11. Miaka iliyofuata ulienea uvumi katika nchi nyingi za Kiislamu kwamba alisikia adhana huko, na kwamba baadaye alisilimu. Uvumi ulifika mbali kiasi kwamba mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliandikia balozi zake katika nchi za Kiislamu kueleza kuwa Armstrong mwenyewe amekanusha: hakusilimu, ingawa hakukusudia kumvunjia heshima mtu yeyote wala dini yoyote. Alifariki mwaka 2012. Mwenye habari amekanusha akiwa hai, sisi bado tunapiga takbira.

Hali ni hiyo hiyo kwa Jacques Cousteau, mtafiti wa bahari wa Ufaransa. Husemwa kwamba alisilimu baada ya kuona bahari mbili zisizochanganyika. Taasisi yake ilikanusha, na alipofariki mwaka 1997 aliswaliwa kwa ibada ya Kikatoliki katika kanisa la Notre-Dame, Paris.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Huenda ukasema: hii ni michezo tu, tena nia ilikuwa njema. Tuyaangalie mambo haya kwa mizani ya dini yetu.

Kwanza, katika Surat al-Hujurat aya ya 6, Allah (S.W.) anatuamrisha tuichunguze habari anapotuletea mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Tazama ilivyotajwa sababu: kuwadhuru watu. Mimi nilimdhuru binti aliyesema kweli mbele ya shule yake. Na majuto yaliyotajwa katika aya nimeyaonja.

Pili, katika Surat al-Israa aya ya 36 tumekatazwa kufuata tusiyo na elimu nayo, na tumeambiwa kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Kidole kinachosambaza ujumbe hakina udhuru wa pekee.

Tatu, Imamu Muslim katika utangulizi wa Sahihi yake amepokea hadithi inayoonya kwamba inamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila analolisikia. Si lazima autunge uongo mwenyewe.

Ama nia njema, historia ya elimu ya hadithi imekwisha tufundisha. Vitabu vya mustalah vinamtaja Nuh bin Abi Maryam, ambaye alitunga hadithi za fadhila za kila sura ya Qur'ani. Alipoulizwa, alieleza kwamba aliona watu wameshughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na habari za vita za Ibn Is-haq, wakaiacha Qur'ani, naye akataka kuwarudisha. Wanazuoni hawakumshukuru kwa nia yake. Walimwandika miongoni mwa waongo na wakaitupa riwaya yake. Hata yale maneno mashuhuri ya kutafuta elimu ijapokuwa Uchina, tunayoyaandika ukutani, Ibn al-Jawzi ameyaweka katika kitabu chake cha hadithi za kutungwa. Wajibu wa kutafuta elimu umethibiti kwa njia nyingine, hauhitaji msaada huo.

Swali la yule binti, "nani aliyeisikia kutoka kwake?", ndilo swali la isnadi. Umma huu ulilijenga swali hilo likawa fani kamili. Mimi ninayeisoma fani hiyo darasani nilikumbushwa na mtu asiyewahi kuisoma.

NJIA TATU ZA KUPIMA HABARI

1. Tafuta mtu, mahali na mwaka. Habari ya kweli aghalabu ina anwani. Chukua mfano wa Muhammad Ali. Kwa jina la kuzaliwa aliitwa Cassius Clay, jina lililotokana na mpinga utumwa mmoja wa Kentucky. Alipata jina la Muhammad Ali mwaka 1964, akiwa katika kundi la Nation of Islam, na mwaka 1975 akaelekea kwenye Uislamu wa Kisunni. Tarehe 30 Oktoba 1974 alimpiga George Foreman mjini Kinshasa katika raundi ya 8, huku umati ukimshangilia kwa Kilingala. Kila kipande hapo kinaweza kukaguliwa. Sasa linganisha na habari inayoanza na "mwanasayansi mmoja wa Ulaya amegundua". Nani? Wapi? Lini?

2. Usitosheke na mfanano wa sauti. Wengi wameambiwa kwamba neno la Kiingereza "news" ni herufi za kwanza za pande nne za dunia. Sivyo. Limetokana na neno la lugha hiyo hiyo lenye maana ya kitu kipya, likawekwa katika wingi. Siku ile kijana mmoja alitueleza kwamba Kabingo limetokana na "urubingo", neno la Kinyarwanda la majani ya tembo. Maneno yanafanana kweli, na majani hayo yapo huku, lakini hatukumpa alama. Mfanano ni mwanzo wa utafiti, si mwisho wake. Cha kuchekesha ni kwamba kwake nilidai ushahidi, na swali la 17 nikaliacha lipite bila ushahidi wowote.

3. Jihadhari zaidi na habari unayoitamani. Anayetaka kusikia kwamba mwezi umeadhini hataulizia hewa. Hapa ndipo wasomi wengi tunapoanguka: tunazikagua hoja za wapinzani wetu kwa darubini, na zetu tunazipokea tumefumba macho.

YALIYO KWELI YANATOSHA

Nilipoanza kuandaa maswali upya, nilishangaa kuona kwamba ya kweli ni matamu kuliko ya kubuni.

Tazama filamu ya katuni ya Lion King ya mwaka 1994. Nyani mwenye busara anaitwa Rafiki, na mama yake Simba anaitwa Sarabi. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili yaliyotoka Kiarabu, na asili zake zote mbili zimo katika Qur'ani. Neno "rafiq" limo katika Surat an-Nisaa aya ya 69, wanapotajwa Manabii, wasema kweli, mashahidi na watu wema kuwa ndio marafiki bora. Neno "sarab" limo katika Surat an-Nur aya ya 39, ambapo amali za waliokufuru zimefananishwa na mazigazi jangwani: mwenye kiu huyadhania kuwa maji, akiyafikia hakuti kitu. Nilipoisoma aya hiyo tena nililikumbuka swali langu la 17.

Tazama tunavyohesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu, ndiyo maana Mrundi akisikia "tatu" na "tano" husikia kitu cha nyumbani kwao. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu. Na sifuri imetoka katika "sifr", maana yake utupu. Neno hilo hilo lilipita Kilatini likawazalia Wazungu jina lao la sifuri. Lakini tuseme kweli yote: tarakimu hizo asili yake ni India. Waislamu walizipokea, wakazitumia, wakazifikisha mbali. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu kuhusu al-jabr, ndiyo aljebra yetu, na jina lake mwenyewe likawa neno algoridhimu. Hatuna haja ya kumpa yasiyo yake.

Na mchezo wa vijiti vya mbao unaoitwa Jenga, unaouzwa duniani kote? Jina lake ni neno letu hasa. Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki, aliuleta sokoni London mwaka 1983.

Na karibu zaidi: makazi ya Nakivale yalianza mwaka 1958, kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, kabla Uganda yenyewe haijapata uhuru. Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844, pale Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyetoka Zanzibar, alipofika katika baraza la Kabaka Suuna II, miaka zaidi ya 30 kabla ya wamisionari wa kwanza. Mtoto wa Nakivale anayeyajua haya anajua kwamba wageni hawakuanza leo kuja katika nchi hii, na kwamba wengine waliileta elimu mikononi.

TULIVYOMALIZA

Nilimweleza mwalimu wao kosa langu, na wiki tatu baadaye tukarudi. Nilisimama mbele ya wanafunzi wale wale nikasema: swali la 17 lilikuwa na jibu la uongo, dada yenu alijibu sawa, mimi ndiye niliyekosa. Nilikuwa naogopa watacheka. Hawakucheka. Jumuiya ilinunua katoni nyingine ya madaftari, matokeo yakasomwa upya kuwa sare.

Binti alipokea madaftari yao akaniambia, "Ahsante, Ustadhi. Sasa liandike upya lile swali." Nimeliandika. Utaliona hapa chini.

Imamu Malik (R.A.) inasimuliwa kwamba aliulizwa masuala 48, na katika 32 akasema hajui. Watu walisafiri miji na miji kumfuata, naye hakuona haya. Ndugu zangu, kama Imamu wa Madina alisema "sijui" mbele ya watu, mwanafunzi wa chuo aliyeshika simu anashindwa na nini?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mtu aliyesimama mwezini hawezi kusikia sauti ya mbali?
2. Kati ya tarakimu za moja hadi kumi, zipi zimetoka Kiarabu?
3. Taja wahusika wawili wa Lion King ambao asili ya majina yao imo katika Qur'ani.
4. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka gani?
5. Ujumbe wa mwisho wa dini uliousambaza kwa simu, nani aliupokea kutoka kwa nani?

Majibu: (1) Hakuna hewa ya kupitisha sauti. (2) Sita, saba na tisa. (3) Rafiki na Sarabi. (4) 1958. (5) Jibu hili unalo wewe. Ukikosa, ufute.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa na ndimi za kweli. Wabillahi tawfiq.