SOMO LA KUMI NA NNE: MOYO UNATAKA KAZI, TUMBO LINATAKA KIASI

Katika masomo yaliyopita tulisoma juu ya maji safi, choo na chandarua. Tulijifunza kujikinga na magonjwa yanayoletwa na uchafu na wadudu. Leo tutasoma juu ya magonjwa ya namna nyingine. Haya hayaletwi na mbu wala inzi. Huingia polepole, na mara nyingi hutokana na jinsi tunavyokula na jinsi tunavyokaa. Magonjwa hayo ni kama shinikizo la damu, kisukari na kiharusi.

Zamani watu walisema kuwa haya ni magonjwa ya wakubwa wa mjini. Sasa yamefika vijijini. Labda katika kijiji chako yupo mtu mzima aliyeanguka ghafla, akapooza upande mmoja. Wengine walisema amerogwa. Lakini mara nyingi mtu kama huyo amekaa na shinikizo la damu miaka mingi bila kujua. Shinikizo la damu halipigi hodi. Kwa hiyo tusome somo hili kwa makini.

1. MOYO NI PAMPU

Kunja ngumi yako, uitazame. Moyo wako una ukubwa unaokaribia ngumi hiyo. Moyo ni msuli, na kazi yake ni kusukuma damu mwilini. Ukiwa umekaa kimya, moyo hupiga mara 70 hivi kwa dakika. Kila dakika husukuma damu kiasi cha lita 5. Kama damu hiyo ingekuwa maji, ingejaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 4 tu.

Ukipanda kilima, misuli ya miguu hudai damu zaidi. Hapo moyo hupiga mbio na wewe unahema. Kwa mtu mwenye afya hilo si jambo baya. Ndivyo moyo unavyofanya mazoezi.

Mkono uliovunjika ukifungwa kwa majuma sita, ukifunguliwa huwa umekonda na hauna nguvu. Umekosa kazi. Moyo nao ni hivyo hivyo. Usipopewa kazi hulegea. Ukipewa kazi huwa na nguvu, na husukuma damu nyingi kwa pigo moja. Kwa hiyo hauhitaji kupiga mara nyingi wakati wa kupumzika.

Tufanye hesabu. Mtu ambaye moyo wake ulikuwa ukipiga mara 80 kwa dakika akifanya mazoezi mpaka ukapiga mara 70, amepunguza mapigo 10 kila dakika. Kwa saa moja ni mapigo 600. Kwa siku nzima ni mapigo 14,400. Moyo wake umepata nafuu kubwa.

2. DEREVA NA KONDAKTA

Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya mji wa London. Mabasi hayo yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye usukani siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti, mamia ya ngazi kila siku.

Watu hawa wawili walifanya kazi katika basi moja. Lakini madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta. Mwaka 1956 madaktari hao walitoa habari ya vipimo vya sare za kazi. Suruali za madereva zilikuwa na viuno vikubwa zaidi. Tangu hapo uchunguzi mwingi katika nchi nyingi umeonyesha jambo lile lile: kukaa kutwa huudhuru moyo, na kutembeza mwili huulinda.

Sasa fikiria kijiji chako. Kijana wa bodaboda hukaa juu ya pikipiki tangu alfajiri. Mwenye duka hukaa nyuma ya meza. Aliyekuwa akitembea kwenda gulioni sasa hupanda pikipiki. Mashine ya kusaga imechukua kazi ya mchi na kinu. Hatusemi turudi kwenye kinu. Mashine imewapunguzia akina mama mzigo, nasi tunashukuru. Tunasema hivi: kazi ikiondoka mikononi na miguuni, lazima mtu autafutie moyo wake kazi nyingine.

3. MAZOEZI YA MOYO

Zoezi la moyo ni lolote linalokutoa jasho na kukufanya uheme kwa muda. Haya yafuatayo hayahitaji fedha nyingi:

(a) Kutembea kwa haraka, kama mtu anayechelewa mkutano.
(b) Kuendesha baiskeli.
(c) Kulima kwa jembe.
(d) Kucheza ngoma.
(e) Kuruka kamba, kama watoto wa shule wanavyofanya.
(f) Kucheza mpira au kukimbia polepole.

Chagua lile unalolipenda. Zoezi usilolipenda utaliacha baada ya siku tatu. Si lazima ukimbie kama Filbert Bayi, Mtanzania aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Kutembea kwa haraka kunatosha kwa kuanzia.

Utajuaje kuwa kasi yako inatosha? Jaribu kuzungumza na kuimba. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, kasi hiyo ni nzuri. Ukiweza kuimba vizuri, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuzungumza, na wewe ni mgeni wa mazoezi, punguza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kasi hiyo kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Gawa dakika 150 kwa siku 5. Utapata dakika 30 kwa siku. Kama ulikuwa hufanyi kitu, anza na dakika 10, kisha ongeza kidogo kidogo.

Mkulima anayeshika jembe kila siku, na mama anayebeba maji na kuni, wamekwisha kupita kiasi hicho. Hao wanahitaji kupumzika na kula vizuri. Somo la mazoezi ni la yule anayekaa.

4. MBONA NATEMBEA LAKINI SIPUNGUI?

Watu wengi huuliza swali hili. Jibu lake tunalipata hapa hapa Tanzania, kwa Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Baadhi yao bado huwinda, huchimba mizizi na kukusanya matunda na asali. Hutembea mwendo mrefu kila siku.

Mwaka 2012 wataalamu walitoa matokeo ya kupima nguvu ambayo miili ya Wahadzabe hutumia kwa siku. Walistaajabu. Ukilinganisha watu wenye miili sawa, Wahadzabe hawakutumia nguvu nyingi kuliko watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa ofisini. Inaonekana mwili uliozoea kazi hubana matumizi yake mahali pengine. Lakini Wahadzabe hawanenepi, na uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa shinikizo la damu ni nadra kwao.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kutembea huulinda moyo hata kama uzito haupungui. Kwa hiyo usikate tamaa. Pili, anayetaka kupunguza uzito lazima atazame sahani yake. Mazoezi husaidia, hasa kuzuia uzito uliopungua usirudi. Lakini kazi kubwa hufanywa na sahani.

Fanya hivi:

(a) Punguza ugali au wali, ongeza mboga za majani na maharage.
(b) Kula dona badala ya sembe ukiweza.
(c) Punguza sukari katika chai. Soda moja ina sukari inayofika vijiko vidogo vinane au zaidi. Maji hayana hata kimoja.
(d) Punguza mafuta. Chapati na maandazi visiwe chakula cha kila siku.
(e) Punguza pombe. Nayo hunenepesha.
(f) Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja kidogo, kwa sababu chumvi hupandisha shinikizo la damu.

Usijinyime chakula ukaumia. Kupunguza nusu kilo kwa juma kunatosha.

5. JIPIME KWA KAMBA

Huna mzani? Chukua kamba. Simama wima, mwenzako akupime kuanzia kisigino hadi utosini. Kata kamba hapo. Sasa ikunje katikati, ziwe sehemu mbili sawa. Izungushe kamba hiyo iliyokunjwa tumboni, juu kidogo ya kitovu. Usivute tumbo ndani. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, tumbo lako limezidi nusu ya kimo chako. Mafuta yaliyozunguka matumbo yamekuwa mengi, na hayo ndiyo yenye hatari zaidi. Kipimo hiki si cha mama mjamzito.

Kama zahanati ina mzani, fanya hesabu hii. Zidisha kimo chako kwa kimo chako, kwa mita. Kisha gawa kilo zako kwa jibu hilo. Tuseme mtu ana kilo 80 na kimo cha mita 1.60.

1.60 × 1.60 = 2.56
80 ÷ 2.56 = 31.25

Jibu likiwa kati ya 18.5 na 24.9, uzito ni mzuri. Likiwa chini ya 18.5, mtu amekonda mno. Likiwa 25 au zaidi, uzito umezidi. Likifika 30, unene ni wa hatari. Mtu wetu amepita 30.

6. MWENYE DUKA NA NESI

Tumtazame mtu huyo wa kilo 80. Tuseme ni mwenye duka, mwenye umri wa miaka 45. Amekwenda zahanati kwa sababu kichwa kinamsumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, ukae."

Nesi alimpima siku hiyo, akampima tena siku nyingine. Mara zote shinikizo la damu lilizidi 140 kwa 90. Akamwambia apunguze chumvi na uzito.

"Mama, nikikonda watu watasema naumwa. Wengine watasema duka limefilisika."

"Baba, duka halikai tumboni. Maneno ya watu sikuyapima. Nimeipima damu yako. Nani anachota maji nyumbani kwako?"

"Mama watoto."

"Kisima kiko umbali gani?"

"Dakika kumi na tano kwa miguu."

"Kwenda na kurudi ni dakika thelathini. Nenda wewe siku tano kwa juma. Hiyo ndiyo dawa yako ya kwanza. Urudi kila mwezi nikupime."

Mwenye duka aliona haya. Siku ya kwanza watu walimcheka kisimani. Juma la tatu waliacha kucheka. Aliacha soda, na ugali wake ukapungua. Baada ya miezi sita alikuwa na kilo 76. Hizo kilo 4 ni chache machoni, lakini shinikizo la damu lilishuka. Nesi alimwambia asiache. Tena mkewe, ambaye jioni alikuwa kisimani, alipata nafasi ya kuja darasani kusoma.

Ndugu msomaji, wengi wetu tulifundishwa kuwa kitambi ni heshima, na kukonda ni dalili ya ugonjwa. Mtu anayekonda bila kutaka lazima aende zahanati. Lakini anayepungua kwa sababu amepanga chakula chake na kutembea haumwi. Anajikinga.

7. TAHADHARI

(a) Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika wakati wa zoezi, acha mara moja, uende kwa mganga.
(b) Ukiwa na ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la damu, uliza zahanati kabla ya kuanza mazoezi makali.
(c) Mwenye kisukari asitembee pekupeku. Akague nyayo zake kila jioni.
(d) Usiache dawa za shinikizo la damu kwa sababu unajisikia vizuri. Mganga ndiye atakayeamua.
(e) Usinunue dawa za kukondesha mitaani.

MASWALI

1. Kwa nini madereva wa London waliugua moyo zaidi kuliko makondakta?
2. Utajuaje kuwa mwendo wako unatosha kuwa zoezi?
3. Mtu ana kilo 72 na kimo cha mita 1.50. Je, uzito wake ni mzuri? Onyesha hesabu.
4. Wahadzabe wametufundisha mambo gani mawili?

MAJADILIANO

Katika kijiji chetu nani hukaa kutwa, na nani hubeba mizigo kutwa? Tunaweza kugawana kazi vipi ili mmoja apate mazoezi na mwingine apate mapumziko?

KAZI YA VITENDO

Kabla ya somo lijalo kila mwanafunzi ajipime kwa kamba, na ampime mtu mmoja wa nyumbani kwake aliyekubali. Ambaye ncha za kamba yake hazikukutana aende zahanati kupima shinikizo la damu. Asingoje kuumwa.