Pikapu ya shamba: Hilux au Land Cruiser?

Swali: Nasomba mahindi na mbolea kutoka shambani Sumbawanga, masika njia ni tope tupu. Ninunue Hilux iliyotumika au Land Cruiser 79?

Jibu: Ndugu yangu, pima mzigo kwanza. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani nzima, na hapo Hilux nyingi zimefika kikomo, dereva na utingo bado hawajapanda. Ukizidisha kila safari, chesisi itaanza kupasuka.

Kwa njia hiyo ningechukua 79. Ekseli yake ya mbele ni ya mhimili mmoja, inavumilia mashimo. Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, haina mbio (mlimani utapitwa hata na daladala), lakini fundi wa kawaida anaimudu. Muulize muuzaji mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Kisha ingia uvunguni na tochi, utafute alama za kuchomelea chesisi.

Bei yake inauma. Kama mizigo mizito ni ya msimu wa mavuno tu, nunua Hilux, miezi hiyo ukodi Fuso.